Redio ya Aliyechangia na Asiyechangia

Ndugu zangu wa Ngara na Kagera nzima,

Nawaandikia kutoka Rwezamenyo, Kigali. Kutoka mpakani Rusumo hadi hapa ni mwendo wa saa chache tu kwa basi, lakini ukishavuka daraja magari yanahamia upande wa kulia wa barabara, fedha inabadilika, na wewe unakuwa mgeni kama wageni wengine. Rwezamenyo ni kata ya Wilaya ya Nyarugenge, jirani na Nyamirambo na Biryogo, na nashukuru kwamba nilipata chumba huku, maana ndiko Kigali inakozungumza Kiswahili bila kujilazimisha. Muuza chapati, dereva wa pikipiki, mzee anayetoka msikitini alfajiri, wote watakujibu. Bunge la Rwanda lilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017, lakini mitaa hii ilikuwa ikikisema tangu enzi za ukoloni.

Mitaa hii pia ni ya redio. Kinyozi anayo, fundi cherehani anayo, muuza mkaa anayo. Siku Rayon Sports wanapocheza unaweza kutembea kutoka Kabuguru hadi uwanja wa Nyamirambo na usikose hata dakika moja ya mpira. Kwa hiyo leo nataka kuzungumza nanyi habari ya redio, na hasa fedha za redio: zinatoka kwa nani, na anayezitoa anapata nini.

Kuna jambo moja ambalo wengi wenu huko nyumbani hamlijui. Wazee wetu walioisikiliza Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle kwa masafa mafupi, wakigeuza redio huku na huku hadi sauti itulie, mara nyingi walikuwa wakiipata kutoka hapahapa Kigali. Kwenye kilima cha Kinyinya Wajerumani walijenga kituo cha kurushia matangazo katika miaka ya 1960, na kwa karibu nusu karne minara ile ilitupelekea habari za dunia. Machi 2015 kikafungwa. Sababu walikuwa nazo: masafa mafupi ni ghali, na wasikilizaji wengi walikuwa wamehamia kwenye FM na simu. Siwalaumu. Ila uamuzi ulifanyika Ujerumani, zilikotoka fedha, na mkulima wa Rulenge aliyekuwa bado anaitegemea sauti ile hakuwa na mahali pa kusema neno. Wala hakustahili kulalamika, kwa kuwa hakuwahi kutoa hata senti.

Jirani yangu, tunayepakana ukuta kwa ukuta, ni mama wa Bukavu anayeuza vitenge. Redio yake ndogo ameifunga kwa raba ili betri zisidondoke, na mahali antena ilipokatika ameunganisha waya wa kuanikia nguo. Anasikiliza chochote kinachoingia, lakini redio anayoisimulia ni moja tu: Radio Maendeleo ya Bukavu. Haifiki hapa. Huko kwao ilianzishwa mwaka 1993, Zaire ya Mobutu ikiwa inabomoka, na walioianzisha ni mashirika ya maendeleo ya wenyeji wa Kivu Kusini. Iliwasemesha watu kwa Kiswahili, Kifaransa na lugha za nyumbani. Kilichoipa nguvu ni vilabu vya wasikilizaji, mtaani na vijijini.

Namna klabu yao ilivyofanya kazi nimemsikia akiieleza mara nyingi, na kila mara nakaa chini kusikiliza. Walikuwa na kinasa sauti kimoja cha kaseti, kinatunzwa kwa zamu. Wanakutana, wanakubaliana juu ya jambo linalowasumbua, tuseme kisima kilichoharibika au ushuru wa sokoni. Mmoja anashika kinasa, wengine wanasema. Kisha anayefanya biashara mjini anaichukua kaseti hadi kituoni. Wakiisikia hewani siku chache baadaye, pamoja na jibu la mkubwa anayehusika, wanajua kaseti haikupotea. Na walichanga, kila mmoja kwa uwezo wake, wa kwanza akiwa yule anayenunua betri. Nilimuuliza kama wasiochanga walizuiwa kusema. Akashangaa swali. “Ile redio ilikuwaka ya wote,” akaniambia. “Hata mwenye hakutoa kitu, alikuwa anaongea.”

Julai 1999 waasi wa RCD, waliokuwa wameushika mji, waliifunga redio hiyo, nayo ikakaa kimya karibu miaka miwili. Redio inayopiga muziki tu haifungwi hivyo. Ilirudi hewani mwaka 2001.

Lakini hapa Rwanda huwezi kuisifu redio ya michango ukaishia hapo. RTLM, ile redio ya chuki, nayo ilichangiwa. Wengi wetu tulikua tukidhani ilikuwa redio ya serikali, na sivyo. Ilikuwa kampuni iliyoundwa Aprili 1993, ikauza hisa kwa faranga 5,000 kila moja, ikaingia hewani Julai mwaka huohuo. Rais Habyarimana alikuwa na hisa, tajiri Félicien Kabuga akawa mwenyekiti. Ilipiga muziki uliopendwa, ilizungumza lugha ya mtaani, ilipokea simu za wasikilizaji. Kwa kila kipimo kinachotumika kwenye semina za redio jamii, ingepata alama nzuri: ina wachangiaji, ina ushiriki, iko karibu na watu. Na katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 ilitaja watu kwa majina na mahali walipokuwa wamejificha. Kesi ya waasisi wake Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza ilisikilizwa kwetu, Arusha, wakatiwa hatiani Desemba 2003.

Nimeishi na jambo hili tangu nihamie huku, kwa sababu ninaoamkiana nao kila siku wapo waliotajwa, au ambao ndugu zao walitajwa. Hisa ya RTLM ilinunua sauti kwa ajili ya upande wa mnunuzi, na aliyekuwa nje ya upande huo hakuwa na pa kujibu. Mchango wa mama wa Bukavu ulinunua nafasi ya kila mtu wa eneo lile, hata yule asiyempenda. Ndiyo maana nikisikia redio fulani “ni ya wananchi kwa sababu wanaichangia,” sitosheki. Nauliza: aliyesemwa vibaya anaweza kujibu leoleo, kwenye kipindi hichohicho? Asiyetoa kitu anapewa kipaza sauti? Pasipo hivyo, michango inazidisha tu kelele za wachache.

Mtu aliyeliweka jambo hili vizuri kimahesabu ni Mmarekani Lewis Hill. Mwaka 1949, huko Berkeley, California, yeye na wenzake walianzisha KPFA, redio isiyopokea matangazo ya biashara, wakaomba wasikilizaji watoe dola 10 kwa mwaka. Hill alikadiria kwamba asilimia 2 tu ya wasikilizaji wakitoa, redio itaishi, na asilimia 98 watasikiliza bure bila kusimangwa. Mwaka uliofuata fedha zikaisha na redio ikanyamaza. Wasikilizaji wakachanga, ikarudi hewani 1951, na ipo hadi leo.

Sasa twende Ngara. Radio Kwizera ilizaliwa mwaka 1995 mikononi mwa shirika la Wajesuiti la kuwahudumia wakimbizi, JRS, baada ya mamia ya maelfu ya watu kuvuka Rusumo na kujaza vilima vyetu. Wakimbizi wa Rwanda waliondoka, baadaye wa Burundi waliokuwa kambi ya Lukole nao wakaondoka, na redio ikabaki kuwa yetu. Nimekua naisikiliza, na bado naipenda. Lakini fedha za wafadhili huja kwa ajili ya wakimbizi, au Ukimwi, au uchaguzi, kisha huondoka na mradi wake. Hili ni la redio jamii nyingi za Tanzania.

Mnajua matokeo yake. Leseni ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, lazima ilipwe, umeme ukikatika jenereta linataka dizeli, mtambo wa kurushia ukiungua vipuri haviuzwi Ngara mjini. Mwandishi anabaki bila nauli. Basi anakwenda kwenye semina ambayo mwandaaji ametuma gari na bahasha, na jioni tunasikia habari ya semina. Kwenda Murusagamba, ambako zahanati haina dawa, hakuna aliyemtumia gari. Mnyauko unamaliza migomba Karagwe, na mkulima anausikia kwa jirani kabla ya kuusikia redioni. Simlaumu mwandishi huyo hata kidogo. Nauli yake tulipaswa kuitoa sisi.

Kutoa tunaweza. Radio Maria Tanzania ilianza mwaka 1996 na hadi leo inaendeshwa kwa sadaka za wasikilizaji na kazi za wanaojitolea, bila tangazo moja la biashara. Kibwezi, Kenya, akina mama wa vikundi vya kijijini waliungana wakaanzisha Mang'elete FM, ikaingia hewani mwaka 2004. Na sisi kadi za michango ya harusi tunazipokea kila mwezi na tunalipa, tena kwa simu, hata kwa watu tusiowafahamu vizuri. Wasikilizaji 1,000 wakitoa shilingi 1,000 kila mwezi, hiyo ni milioni moja. Haijengi mnara. Inatosha kumpeleka mwandishi Murusagamba na kumrudisha, kila wiki, bila bahasha ya mtu.

Wanangara tulioko Kigali tumelizungumza hili, na tuko tayari kutoa kila mwezi. Tunayo masharti matatu: wachangiaji wawe na mkutano mkuu wa mwaka unaochagua wajumbe, hesabu zisomwe hewani kwa Kiswahili cha kawaida, na kila anayetajwa kwenye kipindi apewe nafasi ya kujibu, awe amechangia au hajachangia. La tatu hatutalilegeza, na mkiishi huku mwaka mmoja hamtaniuliza kwa nini.

Mmoja wenu aende kituoni Radio Kwizera aulize kama watakubali. Nijibuni kabla ya msimu wa kahawa, maana ndipo fedha inapoingia mikononi mwa watu.

Ndugu yenu,
Rwezamenyo, Kigali