Nilichomficha Daktari

Nilimdanganya daktari wa ngozi, tena kwa macho makavu. Aliniuliza usoni napaka nini, nikamjibu: sabuni ya kawaida na mafuta ya mgando. Mkoba ulikuwa mapajani pangu, na ndani yake mlikuwa na tyubu ya klobetasoli, steroidi kali isiyofaa kupakwa usoni kiholela.

Sikusahau, niliona haya. Mimi ndiye shangazi anayewasema mabinti kila kwenye shughuli kwa kujipaka mkorogo. Ningekirije kwamba nami nimo? Moyoni nilijitetea kuwa sitafuti weupe, natafuta kupona. Ngozi haikuijali nia yangu.

Tatizo lilianza kwa joto. Nikitoka juani au nikinywa chai ya moto, mashavu na pua vilifukuta na kuchoma. Kisha vikaja vipele vidogo, vingine vikiwa na usaha. Nikasema ni chunusi za uzeeni, nikavisugua kwa dodoki na ndimu. Vikazidi. Duka moja la dawa likaniuzia ile tyubu bila kuniuliza swali, na baada ya siku chache uso ukatulia.

Hapo ndipo nilipopotea: niliisifu dawa kwa haraka yake. Steroidi hubana mishipa midogo ya damu na kutuliza uvimbe, kwa hiyo uso huonekana umepona. Ukiendelea kuipaka, ngozi hukonda, mishipa hutanuka, na kila ukijaribu kuiacha, moto na vipele hurudi kwa kishindo. Nami kila viliporudi nilikimbilia tyubu ileile, nikidhani inaniokoa.

Daktari alisema nina rosasea isiyo kali. Nilibisha. Nilijua huo ni ugonjwa wa Wazungu, wanaoiva nyuso wakipigwa na jua. Akanieleza kuwa watu weusi nao huupata, ila wekundu hauonekani kirahisi kwenye ngozi yetu, ndiyo maana wengi huambiwa wana chunusi. Kwetu hutazamwa joto, kuchoma, rangi inayokolea na vipele vinavyokaa katikati ya uso. Chunusi za kawaida huwa na vile vichwa vyeusi vya vinyweleo vilivyoziba, rosasea haina. Akauliza kama macho hunikauka na kukereketa utadhani yameingia mchanga, maana ugonjwa huu huweza kufika hadi machoni. Hilo nilimjibu kweli.

Akaniandikia jeli ya metronidazoli, akaniasa nisubiri wiki kadhaa. Nikaipaka kama alivyosema, na usiku uso ukinichoma, naiongezea tyubu yangu. Kisha nikarudi kwake kulalamika kwamba jeli haisaidii! Alikuwa ameshashika kalamu aniongezee vidonge vya doksisaiklini niliposhindwa kuvumilia. Mtu wa watu anahangaika kutegua kitendawili nilichokitega mwenyewe. Nikaitoa tyubu, nikaiweka mezani.

Methali ya mficha maradhi naijua tangu utotoni. Sikuyaficha maradhi, nilificha dawa, nayo ikaniumbua vilevile.

Hakunigombeza. "Mama, hii ndiyo inayokurudisha nyuma," alisema, akanipangia namna ya kuiacha, akanionya kuwa uso utachafuka kwanza kabla ya kutengenea. Ukachafuka kweli, na harusi ya mpwa wangu ikaangukia humohumo. Nilikwenda hivyohivyo. Kila aliyenisalimu alitaka kujua nimekula nini.

Sasa najua rosasea haina dawa ya kuimaliza kabisa, hutunzwa. Uso nauosha kwa viganja, maji ya uvuguvugu na sabuni laini isiyo na manukato. Dodoki limebaki la miguu. Sitoki bila mafuta ya kukinga jua, SPF 30 au zaidi, yale yenye zinki oksaidi, maana hayanichomi; na mtandio naushusha hadi kwenye paji. Chai naiacha ipoe. Jikoni sisimami tena juu ya mvuke wa sufuria. Naandika pia kinachonichochea, kwa sababu hatufanani: pilipili hunifukuza mezani, wakati mwenzangu mwenye tatizo hilihili huila bila shida, ila jua la saa saba humlaza ndani. Vipele vimepungua. Joto hurudi mara mojamoja, nami silishtukii tena.

Wale mabinti nimewasimulia yote. Wamenicheka, na ilikuwa haki yao. Mmoja akabaki nyuma, akafungua pochi yake, akaniuliza kama tyubu aliyonayo ni ya jamii ileile. Ilikuwa ileile. Nilimwambia asiitupe kwanza wala asiiache ghafla. Aende nayo kwa daktari, aiweke mezani kabla hata hajaulizwa, pamoja na kila kingine anachojipaka. Kile anachokionea haya akitangulize.