Hofu Nayo Huuguzwa

Namshukuru Mungu kwamba leo naweza kushika kalamu. Naandika kwa ajili yako wewe uliyenusurika kuuawa na mnyama njiani, na sasa watu wanakuambia umepona lakini wewe mwenyewe unajua bado. Labda ni nyati, labda kiboko. Kwangu mimi alikuwa ndovu. Majeraha yangu yalifunga mapema, hofu ikabaki. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba hofu nayo huuguzwa.

Nimezaliwa chini ya mlima wa Sagalla, kusini mwa mji wa Voi, Kaunti ya Taita Taveta. Tsavo imetuzunguka, Mashariki na Magharibi, mbuga iliyotengwa mwaka 1948. Sisi tuko katikati, na mahindi yetu na ndengu zetu. Ndovu hawajui mpaka. Ukame ukizidi hufuata maji, mahindi yakibeba hufuata mahindi. Huingia usiku, alfajiri wakarudi. Mtoto wa kwetu hujua kutofautisha kinyesi kibichi na cha jana kabla hajaanza shule.

Kazi yangu ni ufundi wa mawe. Kwa miaka mingi nilipanda baiskeli kwenda kwenye mijengo ya Voi, vifaa vikiwa kwenye keria: mwiko, timazi, pimamaji na kamba. Nilitoka kukipambazuka, kwa sababu fundi anayechelewa hukuta nafasi yake imechukuliwa.

Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha usiku, na udongo mwekundu ulikuwa unanata kwenye magurudumu. Nilipinda kona penye vichaka vya miiba. Alikuwa amesimama katikati ya njia. Jike. Nyuma yake, ndama.

Nilishuka, nikasimama kimya kama wazee walivyotufundisha. Upepo ulikuwa unatoka kwangu ukienda kwake. Akatanua masikio, akatoa mlio, akatikisa kichwa. Hapo bado alikuwa ananionya. Nikaanza kurudi nyuma taratibu, baiskeli mkononi. Kisha masikio yakalala nyuma. Mkonga akaukunja chini ya kidevu. Nikajua.

Nilitupa baiskeli, nikakimbia. Binadamu hamshindi ndovu kwa mbio.

Sikumbuki kugongwa. Nakumbuka udongo mdomoni.

Nilikuwa mtaroni, nimelala ubavu. Mguu wa kulia ulikuwa umeelekea kusiko kwake. Akapiga magoti juu yangu. Pembe moja ikaingia pajani. Nyingine ikazama kwenye ukingo wa mtaro. Niliona kope zake. Ndefu, zimeshika matope. Niliona maji yakimchirizika kando ya jicho. Alipumua, na mchanga ukanirukia usoni.

Nilitaka kuomba. Maneno hayakuja. Nilisema, "Mungu wangu." Basi. "Mungu wangu."

Mtaro ule ulikuwa mwembamba, kichwa chake hakikuweza kuingia. Akainuka. Akaigeukia baiskeli. Nilisikia chuma kikikunjika. Halafu kimya.

Hakuondoka.

Hilo ndilo ninaloliota hadi leo. Alisimama pale pale, na wenzake wakatoka vichakani wakamzunguka. Niliisikia ile ngurumo yao ya chini, wanayoitana nayo. Niliisikia kifuani zaidi ya masikioni. Damu ilikuwa inatoka. Sikuthubutu kusogeza mkono.

Jua likaanza kuchomoza. Ndipo nikakumbuka watoto. Njia ile ndiyo wanayopita kwenda shule. Binti yangu yumo. Watakuja wakicheka, watapinda kona. Nikipiga kelele, ndovu atanirudia. Nikinyamaza, watoto watamkuta.

Niliamua kupiga kelele. Nikafungua mdomo. Sauti haikutoka. Nikajaribu tena. Haikutoka. Nikabaki vile, mdomo wazi, nalia bila sauti, nikisikiliza kama miguu ya watoto inakuja.

Mungu alisikia nisichoweza kutamka. Ndovu waliondoka kabla ya watoto kufika. Nilisikia matawi yakivunjika, kila mara mbali zaidi, upande wa mbugani. Jirani yetu mmoja, mama wa makamo aliyekuwa akienda kuchota maji, akaiona baiskeli. Akaweka mtungi chini, akafungua leso yake, akanikaza paja kwa nguvu huku akiwaita wanaume wa kijiji kwa majina, mmoja mmoja. "Mwanangu, usifunge macho," aliniambia. "Niangalie mimi." Wanaume wakang'oa mlango wa nyumba ya karibu, wakanilaza juu yake.

Nyonga ilikuwa imepasuka na mfupa wa paja umevunjika. Nililala hospitalini muda mrefu, mguu ukivutwa kwa uzito. Madaktari na wauguzi walinitunza vizuri. Kila aliyekuja kunitazama alisema yaliyo mabaya yamepita. Mimi nilitabasamu. Usiku toroli likipita koridoni, nilishika vyuma vya kitanda kwa mikono miwili. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nilijiambia hivyo, lakini sikumwambia mtu.

Nyumbani nilirudi kwa magongo, na huko ndiko nilikofika chini kabisa. Choo chetu kiko nje. Giza likiingia sikuweza kuvuka mlango. Nilitumia kopo, mimi baba wa watoto wale, na mke wangu alilimwaga asubuhi bila kusema neno. Kazi hakuna. Mbuzi waliuzwa mmoja baada ya mwingine. Binti yangu alipojiandaa kwenda shule nilimfokea abaki, kisha nikalia akiniona. Silali. Sili. Tawi likikatika nje, jasho linanitoka.

Usiku mmoja nilimwomba Mungu anichukue. Nilisema kwa sauti ndogo, nikidhani mke wangu amelala.

Hakuwa amelala. Aliwasha taa. Akaketi kitandani, akanishika mkono. "Ukienda wewe," akasema, "mimi nitasindikizwa chooni na nani? Na mimi naogopa."

Sikuwa nimejua. Muda wote ule alikuwa ananificha hofu yake, na mimi namficha yangu. Tulilia pamoja mpaka jogoo wakawika.

Kulipokucha akawaita watu wetu. Mama yangu alikuja na mkeka, akautandika mlangoni mwa chumba chetu, akalala hapo kila usiku. Hakuniuliza swali hata moja. Kaka yangu alichukua jukumu la jioni: leo tutembee mpaka kwenye mwembe, kesho mpaka kwa jirani, keshokutwa turudie hapo hapo kama miguu imekataa. Akina mama wa kanisa walileta unga na sukari, wakafanya mchango wa karo. Mchungaji aliponitembelea nilimuuliza kama hofu yangu ni upungufu wa imani. Akaniambia kwamba hata Daudi alimlilia Mungu kwa hofu, na Mungu hakumkataa.

Niliporudi hospitalini, nilipelekwa kwa mshauri nasaha. Alinitaka nisimulie mambo kwa mpangilio, toka mwanzo, bila kuruka sehemu ya mtaro. Mara ya kwanza nilishindwa. Baadaye niliweza nusu. Leo nimekuandikia yote, na mkono umetetemeka nilipofika pale pa watoto.

Msaada mwingine ulitoka kwa nyuki. Hapa Sagalla kuna wakulima waliozungushia mashamba yao mizinga iliyoning'inizwa kwenye nguzo na kuunganishwa kwa waya. Ndovu akisukuma waya, mizinga inayumba na nyuki wanatoka. Mnyama mkubwa vile huogopa kuumwa machoni na ndani ya mkonga, basi hugeuka. Uzio huo ulianzishwa nchini Kenya na mtafiti Lucy King wa shirika la Save the Elephants. Hauwazuii ndovu wote, lakini huwarudisha wengi. Kaka yangu alinipeleka kwenye shamba moja, tukaketi mbali kidogo na mizinga. Nilisikia ule uvumi wao, nikaelewa kwamba kumbe hata ndovu ana kinachomtisha. Usiku ule nililala mpaka asubuhi.

Ndugu yangu, kama jambo lako bado ni bichi, shughulikia haki yako mapema. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 inamtambua aliyejeruhiwa: shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa, milioni 3 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine, kutegemea ukubwa wake. Ripoti kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) na kwa polisi, tunza karatasi za hospitali, jaza fomu ya madai ili kamati ya kaunti iyachunguze. Mtume ndugu akusimamie ikiwa wewe huwezi kutembea. Ila usingoje pesa ndipo uanze kupona.

Uponyaji wangu ulianza usiku ule taa ilipowashwa na ukweli ukasemwa. Kwa hiyo mwambie mtu. Mwambie mkeo, mumeo, mama yako, mchungaji au imamu wako. Sema, "Naogopa." Waache wakusindikize chooni, sokoni, kazini. Usione haya. Waliokubeba ukiwa na damu hawatashindwa kukubeba ukiwa na hofu.

Mimi nimerudi kazini. Natembea nikichechemea, na najenga. Sitoki kabla jua halijapanda, na ile kona siipiti peke yangu. Huenda sitaipita peke yangu maisha yangu yote, na nimekubali. Watoto nao siku hizi huenda shule kwa kundi, mzazi mmoja mbele na mwingine nyuma, na wiki ya zamu yangu ikifika nakuwa wa nyuma. Moyo hunidunda njia nzima. Lakini naenda, kwa sababu watoto wale wanahitaji mtu mzima, na Mungu aliyenihifadhi mtaroni ndiye ninayetembea naye. Akuhifadhi na wewe, akupe mtu wa kukushika mkono leo, kabla usiku haujaingia.