Chumba Namba Mbili

Mama alifariki alfajiri, na alasiri ya siku ileile nilirudi wodini kuchukua vitu vyake. Doti ya kanga, kandambili, chupa ya chai, kikombe cha bati kilichobanduka rangi pale alipozoea kuweka mdomo. Nesi alikwishavipanga ndani ya begi dogo la safari alilokwenda nalo mama. Nikageuka kukitazama kitanda. Shuka limebadilishwa, na juu yake ameketi binti anamenya chungwa. "Shikamoo," akasema. "Marahaba, mwanangu," nikaitika, nikatoka na begi mkononi.

Sikumkasirikia. Mgonjwa alale wapi kama si kitandani? Lakini njia nzima swali moja lilinitafuna: mahali hujua nini juu ya watu waliopita hapo?

Swali hilo ndilo lililonifikisha, kwa fikra tu maana miguu yangu haijakanyaga huko, hadi mji wa Clarksdale, jimbo la Mississippi, nchini Marekani. Pale kando ya mto Sunflower lipo jengo la matofali la kimo kifupi, ambalo mpita njia asiyeambiwa kitu angelipita bila kugeuza shingo. Linaitwa Riverside Hotel. Kabla ya kuwa hoteli lilikuwa hospitali, G. T. Thomas Afro-American Hospital, hospitali ya watu weusi katika nchi iliyowatenga watu weusi hata wakati wa maumivu.

Hilo sisi hatuhitaji kuelezwa sana. Dar es Salaam ya mkoloni nayo ilikuwa na Ocean Road kwa Wazungu, na hospitali ya Sewa Haji kwa Waafrika na Wahindi.

Tarehe 26 Septemba 1937 aliletwa hapo Bessie Smith, mwimbaji wa bluzi ambaye sauti yake ilijaza mahema na kumbi. Gari lake, likitoka Memphis usiku, liligonga lori kwa nyuma katika barabara kuu namba 61. Mkono wake wa kulia ulipondeka, ukakatwa. Jioni haikumkuta.

Uvumi ukaenea kwamba alikataliwa mlangoni mwa hospitali ya Wazungu. Mtayarishaji wa muziki John Hammond aliuandika mwaka uleule, na miaka ikapita Edward Albee akautungia tamthilia. Daktari aliyemkuta barabarani alikanusha. Alisema kwamba katika Mississippi ya siku zile hakuna dereva wa gari la wagonjwa ambaye angewaza kumpeleka mtu mweusi kwenye hospitali ya Wazungu. Nimeyageuza maneno haya mara nyingi kichwani. Katika uvumi, walau kuna mtu aliyebisha hodi. Katika maelezo ya daktari, hata hodi haikupigwa, kwa kuwa kila mmoja alikwishajua jibu. Sijui kipi kinaniuma zaidi.

Upo wimbo wake, Backwater Blues, aliourekodi mwaka 1927, James P. Johnson akimpigia piano. Ni habari ya mwanamke ambaye mafuriko yamemtoa nyumbani, hana pa kwenda. Mimi huusikiliza usiku kwa sauti ya chini, na kila mara hushtushwa na utulivu wake. Hapigi mayowe. Anaeleza tu, kama mtu anayemsimulia jirani yaliyompata. Miaka 10 baadaye Bessie akafia katika nyumba iliyo ukingoni mwa mto. Sitaki kusema alijitabiria. Sisi tunaobaki ndio tunaorudi nyuma kuokota dalili, tukizipanga mstari ili kifo kionekane kilikuwa na njia.

Mwaka 1944 Bi. Z. L. Ratliff alilifanya jengo lile hoteli. Natamani kujua alianzia wapi siku ya kwanza. Alipiga deki chumba kipi? Alitandika shuka gani pale ambapo watu walikata roho? Msafiri mweusi aliyekuwa akizunguka nchi ile ya mashamba ya pamba hakuwa na hoteli nyingi za kumpokea, naye akampa kitanda na ufunguo. Walilala hapo wanamuziki Sonny Boy Williamson, Robert Nighthawk, Ike Turner. Husimuliwa kwamba ni humo Turner na wenzake walimofanyia mazoezi Rocket 88, wimbo waliokwenda kuurekodi Memphis mwaka 1951, ambao wengi wanauhesabu miongoni mwa mbegu za roki. Sauti moja ilizimika katika nyumba ile, na nyingine zikapashwa moto humohumo.

Lugha yetu ina neno moja, kulala, kwa msafiri aliyechoka na kwa maiti aliyepumzishwa. Wageni wa Riverside waliujua utata huo kwa miili yao. Chumba namba mbili kilitunzwa kwa kumbukumbu ya Bessie. Frank Ratliff, mtoto wa mwenye hoteli, aliyeiendesha hadi alipofariki mwaka 2013, alikuwa akiwafungulia wageni mlango wakichungulie. Akiwaonyesha pia sanduku la nguo ambalo Robert Nighthawk aliliacha hapo, asirudi kulichukua. Nighthawk alifariki Helena, Arkansas, mwaka 1967.

Kuna jambo linanitatiza katika kuililia nyumba hii. Ilihitajika kwa sababu ya dhuluma. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 ilipolazimisha mahoteli kumpokea kila mtu, msafiri mweusi aliweza hatimaye kuingia mlango wowote, na nyingi kati ya hoteli za watu weusi zikakosa wageni, zikafungwa. Nani angetaka kuzirudisha siku zile? Hakuna. Na bado ule ukarimu uliokuwa umebanwa mahali pamoja, wa wanawake waliopika wali na maharage kwa vijana wenye magitaa na mifuko mitupu, ulikwenda wapi ulipofunguliwa lango? Furaha yaweza kubeba msiba ndani yake, na mtu akashindwa kuusema kwa kuogopa kuonekana anaisifu minyororo.

Na hoteli ni nyumba ya kupita. Mgeni analipa, analala, anaamka, shuka linafuliwa. Tukisema tuihifadhi, tunataka kuhifadhi nini? Matofali? Au ile pumzi ya mtu aliyevua viatu vyake akijua kwamba usiku huo hakuna atakayemfukuza?

Bessie mwenyewe alikaa kaburini huko Pennsylvania zaidi ya miaka 30 bila jiwe. Liliwekwa mwaka 1970, kwa fedha za mwimbaji Janis Joplin na Juanita Green, ambaye utotoni aliwahi kumsafishia sakafu. Kabla mwaka haujaisha, Joplin naye alikuwa amekufa.

Mwaka 2020 dhoruba iliiharibu Riverside, wageni wakakoma. Mwaka uliofuata, shirika la National Trust for Historic Preservation lililitaja jengo hilo miongoni mwa maeneo 11 ya kihistoria yaliyo hatarini zaidi Marekani. Nimeisoma habari hiyo mara kadhaa, nikisimama kila mara kwenye neno urithi. Warithi wake ni nani? Ukoo wa Ratliff ulioibeba kwa mikono yake? Wajukuu wa watu weusi waliopanda treni kuhama Mississippi kwenda Chicago wasiangalie nyuma? Mimi huku, mwenye wimbo mmoja kwenye simu?

Baada ya arobaini tuligawana mirathi ya mama. Cherehani ilikwenda kwa dada, masinia kwa mama mdogo, kiwanja kikaachwa kwanza. Begi hakuna aliyeliuliza. Lipo chini ya kitanda changu, zipu imefungwa kama nesi alivyoifunga. Mara nyingine namwaza Nighthawk akilisukuma sanduku lake kwenye kona, akisema moyoni nitalipitia.

Bati la chumba changu linavuja upande wa dirisha. Mvua ikianza usiku, kabla sijafumbua macho vizuri, mkono wangu huwa umekwishashuka chini ya kitanda, unapapasa kama limelowa.