Saa ya mzee, na jinsi mwenzenu nilivyopigwa

Wadau, niko hai. Kimya cha wiki tatu ni UE, si kingine. Jana mshkaji mmoja wa hosteli ya pili kaniuliza, "We si ndo mtaalamu wa saa za zamani? Nataka kununua moja mtandaoni, nianzie wapi?" Mtaalamu! Nilicheka mwenyewe. Haya, utaalamu wenyewe niliununua hivi.

Mzee wangu alikuwa na Seiko 5 ya mkono. Aliinunua mwaka 1989 kwa jamaa aliyetoka Muscat, na siku za wiki zilikuwa za Kiingereza na Kiarabu, unachagua mwenyewe. Nilipochaguliwa form five hela ikapungua, mzee akatoka nayo asubuhi, akarudi bila. Nyumbani hakuna aliyesema kitu. Kwa hiyo boom la semista iliyopita lilipoingia nikasema namtafutia ya aina ileile.

Kosa langu: nilinunua rangi. Uso wa bluu unang'aa, dola 38, muuzaji yuko Mumbai, kaandika "kama mpya". Jamani, saa ya miaka thelathini na ushee inakuwaje kama mpya? Ilipofika nikaichukua posta, nikaitupia sandukuni maana pepa zilikuwa zimebana. Siku nilipompelekea fundi Kariakoo akaifungua, akaichungulia kwa kile kilensi chake, akaniuliza nimenunua bei gani. Nikamwambia. Akanyamaza. Uso umepakwa rangi upya, maandishi yamekaa upande, mishale ya saa nyingine kabisa, ndani kutu. Mtandao niliotumia unatoa siku 30 za kulalamika, mie nilikuwa ya 41. Kwa hiyo ikifika, mpelekee fundi wiki hiyohiyo, hata kama kesho una pepa.

Sasa kwa Seiko, mgongo wa saa unasema mengi kuliko muuzaji. Kuna namba kama 7009 halafu kistari halafu namba nne nyingine. Zile nne za kwanza ni aina ya mashine, za mwisho ni aina ya bodi. Ukigeuza usoni, chini kabisa karibu na sita, kuna maandishi madogo kama mchwa. Nayo yaanze na 7009. Baada ya kistari yanaweza yasifanane na ya mgongoni, usitishike, uso una namba yake. Yangu ya Mumbai haikuwa na maandishi hayo hata kidogo! Halafu kuna namba ya tarakimu sita: ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi, na Oktoba, Novemba, Desemba huandikwa O, N, D. Ikianza na 8N ni Novemba ya mwaka unaoishia na nane. Muongo haiutaji, hapo unakisia kwa mashine.

Angalia pia ile rangi ya kung'aa gizani. Ikiwa kwenye namba imekuwa ya njano na kwenye mishale ni nyeupe pee, hivyo vitu havikuzeeka pamoja.

Mara ya pili niliomba picha ya mashine ikiwa wazi, wauzaji wawili wakanikatalia, nikawaacha. Wa tatu, aliyeko Uingereza, akatuma bila kuombwa mara mbili. Saa ilikuwa ya babu yake aliyefanya kazi Saudia, Kiarabu kipo. Kioo kina mikwaruzo, uso una doa karibu na tatu. Dola 65 na usafirishaji juu, na ushuru niliukuta posta (uuwekee akiba, usije ukaanza kukopa watu kwenye foleni kama mimi). Fundi akachukua 30,000 kuisafisha na kuitia mafuta, maana mafuta ya zamani hukauka na vyuma vinasagana. Hiyo hela ihesabu kabla hujanunua. Na maji usiisogezee, yale maandishi ya kuzuia maji yalikuwa kweli enzi hizo, mipira ya ndani imeshachoka.

Rumeti wangu aliisokota pembeni mpaka vidole vikauma ili "aijaze". Bwana, 7009 haijazwi hivyo, unaitikisa mkononi inaamka yenyewe.

Sasa hivi inachelewa kama dakika mbili kwa siku, fundi anasema niivae wiki nzima ndo airekebishe. Jumamosi napanda basi la Tanga. Mzee si mtu wa maneno na mie sijui nitamkabidhi vipi. Nadhani nitaiacha mezani karibu na redio yake, nitoke nje kidogo.