Anza na Taslimu

Miaka ya sabini, ukipita Malindi ya Unguja baada ya magharibi, magari yalikuwa ya kuhesabu. Ulichosikia ni vikombe vya muuza kahawa vikigongana kiganjani mwake, makubazi ya watu wakitoka msikitini, na kwenye dirisha moja la juu, udi ukirekebishwa nyuzi. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Siku tatu mfululizo nilisimama chini ya dirisha lile. Ya nne, bi mkubwa wa nyumba akachungulia: "Mwanangu, umepoteza nini hapo chini?" Nikamwambia nasikiliza. "Basi panda juu, shingo itakuuma."

Ndivyo nilivyompata maalim wangu, mwenye udi ule. Mchana alikuwa fundi cherehani, usiku mpiga udi. Chumba chake kilinukia ubani, nguo mpya na kahawa ya tangawizi. Udi wenyewe ulitundikwa juu ya kabati, na nilikaa wiki tatu kabla ya kuushika. Wiki zote hizo kazi yangu ilikuwa moja: kupiga kumi.

Nikueleze kumi hizo. Kuna muziki wa vyombo pekee uitwao samai, na mapigo yake huhesabiwa kumi. Dum kwenye moja, tak kwenye nne, dum mbili kwenye sita na saba, tak kwenye nane, halafu unangoja. Nilikuwa nikipiga kwa vidole juu ya sinia, na kila muuza kahawa alipopita na vikombe vyake, hesabu yangu ilimfuata mpaka anapinda kona. Maalim hakukasirika. Alimngoja apotee, akasema, "Huyo keshakwenda zake. Sisi turudi moja."

Siku hizi ukitaja taarab mtu hufikiria mwimbaji na mashairi. Lakini taarab tuliyoikuta sisi ilifunguliwa kwa bashraf, vyombo peke yao: kanuni, udi, fidla, nai, akodiani. Mwimbaji bado amekaa, waliochelewa wanatafuta viti, na ukumbi unatulia kidogo kidogo. Wazee walitusimulia kuwa mbegu ililetwa zama za Sultani Barghash, aliyempeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kanuni. Mwaka 1905 kikaasisiwa kikundi cha taarab cha Nadi Ikhwan Safaa, na watu wakaendelea kupokezana nyimbo, mkono kwa mkono, mpaka zikafika kwenye chumba kile cha cherehani.

Samai yangu ya kwanza ilikuwa ile ya Ibrahim al-Aryan katika ngazi ya sauti iitwayo bayati. Nilitaka kuanza mwanzo, kama kila mtu. Maalim akanizuia. "Anza na taslimu."

Samai ina khana nne, na baada ya kila khana unarudi kwenye kipande kilekile, ndiyo taslimu. Yeye aliona mbali. "Ukiijua taslimu," alisema, "hata khana ikikupotea, wenzako wakirudi nyumbani watakukuta mlangoni." Basi nilikaa mlangoni mwezi mzima. Yeye anapiga kijisehemu, mimi najibu, anapiga, najibu. Karatasi hakuna. Tukimaliza ananiambia niende nayo kwa njia ndefu, nipite Forodhani kwanza, ili ikae kichwani kabla sijafika kwetu.

Nyumbani nayo ilikaa. Mama alikuwa akikuna nazi jioni, na siku moja nikasikia mbuzi inakwenda kumi kamili, na mangojeo yake. Siku nyingine nilikwama kwenye khana ya tatu, nikarudia mara tano na kila mara inakatika palepale. Kutoka jikoni, katikati ya harufu ya dagaa wa kukaanga, ikaja sauti ya mama ikiimba kile kipande kilichonitoroka. Hakuwahi kushika chombo maisha yake. Alikipata kwa kunisikia nikikosea.

Wala si ajabu kwetu. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab mzaliwa wa Fumba, hakujua kusoma wala kuandika, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurikodi santuri. Alichokwenda nacho alikihifadhi kichwani.

Mwaka wa kwanza nilipata nyimbo saba. Zinaonekana chache, lakini kila Alhamisi Maalim alitaka kuzisikia zote kabla ya kunipa mpya. "Ya nane haingii mpaka hizi saba zisalimiane." Nyingine nilizichukua kwenye kaseti, na ili nisimalize betri niliirudisha nyuma kwa kalamu, kipande kimoja mara ishirini, mpaka sauti ikaanza kuyumba.

Ile ya nane sikuipata kwa Maalim. Ilikuwa longa, muziki wa mbio, na aliyenipa ni mpiga fidla wa ngoma ya kidumbak kwenye harusi moja Ng'ambo. Sanduku la besi limepumzika, wapiga mkwasa wanakula, biriani linanukia uwanja mzima, naye ananifundisha akiwa amesimama, upinde mkononi. Mwishoni mwa longa ile aliweka kikorombwezo, noti tano zinazopanda halafu zinaanguka kama mtu aliyekosa ngazi. Miaka baadaye nikaisikia longa hiyohiyo kwenye santuri ya Kairo. Kikorombwezo hakimo. Kilikuwa chake yule bwana, na sijui mwingine aliyekibakisha ila mimi.

Nyumba ya Maalim leo ni hoteli. Dirisha lile limefungwa kioo, na chini yake unasikia mashine ya kiyoyozi ikinguruma usiku kucha. Sina la kumlaumu mtu. Nyumba za mawe zisipokarabatiwa huanguka, na ukarabati hutaka fedha. Ila nikipita hupunguza mwendo.

Na mengine yamekuja ya kheri. Mwaka 2002 kilifunguliwa chuo cha muziki, DCMA, kwenye jengo la zamani la Forodha pale Mizingani, na wasichana wakashika fidla na kanuni bila kuchungulia kutoka chini ya dirisha la mtu. Mjukuu wangu ni mmoja wao. Anasoma noti kama mimi nisomavyo gazeti, na nyimbo alizonazo kwenye simu yake zinanishinda kuhesabu.

Mwezi uliopita alikuja na ile longa, imechapwa vizuri. Tukapiga pamoja, fidla yake na udi wangu. Tulipofika mwisho vidole vyangu vikaenda Ng'ambo vyenyewe. Akasimamisha upinde.

"Babu, hicho hakimo kwenye karatasi."

Nikamwambia habari ya yule bwana, biriani na sanduku lililopumzika. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaigeuza karatasi kifudifudi juu ya mkeka.

"Haya, piga tena. Polepole."