Tumsitiri mgonjwa, tusiifiche elimu

Marehemu mama yetu alikuwa na daftari la jalada la buluu, alilolifungia ndani ya sanduku la nguo. Humo aliandika kila mara mdogo wetu alipoanguka kifafa: tarehe, saa, alilala vipi usiku uliotangulia, na mwili ulimtetemeka kwa muda gani. Aliandika kwa miaka minane. Hakumwonyesha mtu, hata daktari, kwa kuchelea kwamba jina la ugonjwa lingetajwa siku dada zetu watakapoposwa.

Sisi watoto tulilijua daftari lile, nasi tukanyamaza. Siku mdogo wetu alipoanguka madrasa, mwalimu, ambaye hakuwahi kuambiwa lolote, aliagiza kijiko. Akakisukuma kati ya meno ya mtoto. Wanafunzi wawili wakamkalia miguu, na wengine wakakimbia wakiamini kuwa povu la mdomoni huambukiza. Jino la mbele likavunjika. Leo mdogo wetu ni fundi seremala, baba wa watoto wawili. Kila anapocheka tunaliona lile pengo, na tunajua kuwa lilisababishwa na ukimya wetu kuliko kifafa chenyewe.

Mwaka huu kisa hicho kiliturudia. Sisi tuliopewa ukatibu wa kamati ya msikiti ndio tunaoandikisha watoto wa madrasa. Mzazi mmoja alijaza fomu ya mwanawe, akamaliza, lakini hakuinuka. Kisha akasema kwa sauti ya chini: “Ustadh, mtoto ana kifafa. Lakini nakuomba, usiliandike hilo.” Tukaiweka kalamu chini. Tulimhurumia, tukamkumbuka mama, na hatukuwa na jibu.

Katika kulitafuta jibu tulisoma habari za taasisi ya utafiti wa ubongo na mishipa ya fahamu iliyopo Montreal, nchini Kanada, chini ya Chuo Kikuu cha McGill. Ilianzishwa mwaka 1934 na Wilder Penfield, daktari mpasuaji aliyeshughulika sana na wagonjwa wa kifafa. Kwa kuwa ubongo wenyewe hauhisi maumivu, Penfield aliwapasua wagonjwa wengi wakiwa macho, baada ya kutia ganzi kichwani. Aligusa ubongo sehemu moja baada ya nyingine kwa umeme hafifu, naye mgonjwa akaeleza anachohisi: kidole kusisimka, mdomo kucheza, pengine kumbukumbu ya zamani kurejea. Sehemu iliyojibu iliwekewa kikaratasi chenye namba, ikaandikwa.

Kusudi la kwanza lilikuwa kumtibu aliyelala mezani bila kumharibia usemi wala viungo. Hata hivyo, maandishi yale hayakufungiwa kabatini. Yalichapishwa, na wataalamu wa nchi nyingine wakapata ramani ya sehemu za ubongo zinazotawala mikono, miguu, uso na ulimi.

Mwaka 2013 watafiti wa taasisi hiyo, pamoja na wenzao wa Jülich, Ujerumani, walitoa kazi waliyoiita BigBrain. Ubongo wa mwanamke aliyefariki akiwa na miaka 65 ulikatwa vipande zaidi ya 7,400, vyembamba kiasi kwamba hamsini vikipangwa pamoja hufikia unene wa milimita moja tu. Vilipigwa picha, vikaunganishwa tena kwa kompyuta, na watafiti wa popote wakaruhusiwa kuutumia ubongo huo bila malipo. Ulimwengu umeuona ubongo wa mwanamke yule kwa undani wa ajabu, lakini jina lake halikutangazwa.

Mwaka 2016 taasisi ikaenda mbali zaidi. Ilitangaza kuwa matokeo, takwimu na zana zake za utafiti zitakuwa wazi kwa wanasayansi wengine, na kwamba haitachukua hataza juu ya uvumbuzi wake. Si uamuzi mwepesi. Mtafiti hupata heshima kwa kuwa wa kwanza kuchapisha, na vyuo hutarajia fedha kutokana na hataza. Lakini magonjwa ya ubongo yamewashinda wengi waliofanya kazi kila mmoja chumbani kwake. Pamoja na uwazi huo, mgonjwa ana hiari ya kushiriki au kukataa.

Ipo habari nyingine iliyotugusa zaidi. Mwaka 1957 Brenda Milner, mtafiti wa taasisi hiyo, aliandika pamoja na daktari Scoville wa Marekani habari za mtu aliyepasuliwa kwa ajili ya kifafa, kisha akapoteza uwezo wa kuhifadhi kumbukumbu mpya. Kutokana na mtu huyo wanasayansi walijifunza mengi kuhusu kumbukumbu. Kwa zaidi ya miaka hamsini walimwita H.M. tu. Jina lake kamili, Henry Molaison, lilitajwa hadharani baada ya kufa kwake mwaka 2008.

Hapo ndipo tulipoelewa kosa letu. Mama alitaka kulificha jina, akaificha na elimu. Kumbe viwili hivyo hutenganishika.

Tulimwita yule mzazi. Jina la ugonjwa halikuingia kwenye orodha ya madrasa. Kwa ridhaa yake, mwalimu mmoja tu aliambiwa. Kisha walimu wote wakafundishwa, bila kutajiwa mtoto yeyote: anayeanguka asitiwe kitu mdomoni wala asikandamizwe, aondolewe vitu vya kumuumiza, alazwe ubavu, na saa itazamwe. Hali hiyo ikizidi dakika tano, apelekwe hospitali. Na wakaambiwa kuwa kifafa hakiambukizi. Mzazi naye amekubali kuandika kila anguko, na kuyapeleka maandishi hayo kliniki.

Baada ya mama kufariki tulilifungua lile sanduku, tukalisoma daftari kutoka mwanzo hadi mwisho. Karibu kila anguko lilikuwa limefuata usiku wa usingizi mchache: siku za harusi, za msiba, za mitihani. Ukosefu wa usingizi ni jambo linalojulikana kuamsha kifafa, na daktari angeuona mfuatano ule kwa muda mfupi. Mama, aliyesoma hadi darasa la nne, alikuwa amekusanya ushahidi kwa uangalifu wa mtafiti. Kilichokosekana ni mtu wa pili wa kuusoma.

Tulimkabidhi mdogo wetu daftari lile. Alilishika kwa muda mrefu bila kusema neno, kisha akauliza: “Kumbe aliandika yote?” Wiki iliyofuata alilipeleka kwa daktari wake.