Njoo na ya Zamani

Hapa Mpanda, ukiingia duka la spea, ziwe za baiskeli, za pampu au za mashine ya kukoboa, muuzaji hajali sana jina la mashine yako. Atakuuliza, "Umekuja na ya zamani?" Ukimjibu kwamba ile iliyochakaa umeitupa, atatikisa kichwa. Anaweza kukuuzia inayofanana nayo, lakini hatakuahidi kwamba itaingia. Swali hilo ni la kila siku sokoni. Mimi limenifundisha jambo kuhusu ungamo, kwa njia ya bunduki kuukuu ya upepo.

Bunduki hiyo ni ya mzee mmoja wa usharika wetu, mfanyakazi mstaafu wa reli. Ameniruhusu kuandika habari hizi bila kumtaja jina. Baba yake alifanya kazi katika mgodi wa Mpanda miaka ya 1950, wakati kampuni ya Uruwira Minerals ikichimba madini ya risasi, na reli ya tawi kutoka Kaliua ikiwa imeletwa huku kwa ajili ya mgodi huo. Mgodi ulipofungwa, Mwingereza mmoja aliyekuwa akirudi kwao alimwachia bunduki yake. Basi, mji uliokuzwa na risasi ya kuchimbwa ukaiachia familia ile bunduki ya kurusha vipunje vya risasi hiyo hiyo. Kwa miaka mingi ililinda mpunga dhidi ya ndege na mahindi dhidi ya tumbili.

Kisha ikaishiwa nguvu. Kipunje kilitoka mtutuni na kuanguka hatua chache mbele. Mzee aliniomba msaada kwa sababu mimi husafiri na nina marafiki mijini. Kwanza tuliipeleka kituo cha polisi ikaguliwe, maana hata bunduki ya upepo ni silaha. Baada ya hapo tukaanza kutafuta spea.

Bunduki ya namna hii haina baruti. Ukiukunja mtutu, springi inabanwa ndani ya silinda. Ukifyatua, springi inaisukuma pistoni mbele kwa kasi, pistoni inaubana upepo, na upepo huo unakisukuma kipunje. Kwenye kichwa cha pistoni kuna wosha ya ngozi, umbo lake kama kikombe kidogo, kazi yake kuzuia upepo usipite pembeni. Ngozi ikikauka na kupasuka, springi inaweza kuwa nzima kabisa na bunduki isifae kitu.

Kwenye chuma cha bunduki limeandikwa jina Diana. Niliwapigia simu marafiki wa Mbeya na Dar es Salaam nikiwatajia jina hilo, nao wakauliza, "Diana ipi?" Kiwanda chenye jina hilo kilianzishwa mwaka 1890 huko Rastatt, Ujerumani. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mitambo yake na haki ya kulitumia jina vilichukuliwa na Waingereza, na kampuni ya Milbro ikawa inatengeneza bunduki za Diana huko Motherwell, Scotland. Kwa hiyo zipo Diana za Ujerumani na Diana za Scotland, jina moja, vipimo mbalimbali. Wosha moja ilitufikia kwa basi. Ilikuwa ya Diana kweli, lakini ilikataa kuingia katika silinda yetu.

Ndipo nilipokwenda kwa fundi viatu wa sokoni, kijana mwenye mkono mwepesi na maneno machache. Nilimweleza kila kitu. Akauliza, "Mchungaji, ya zamani iko wapi?"

Ya zamani ilikuwepo. Mzee alikuwa ameviweka vipande vyake ndani ya kopo, chini ya kitanda. Lakini nilipomwomba, hakutaka kunipa. Alisema, "Mchungaji, takataka ile nitamwonyeshaje mtu?"

Jibu hilo lilinigusa kwa sababu nyingine. Mzee huyu alikuwa na miaka miwili hajakaribia Meza ya Bwana. Ibadani alikuja, na ungamo la pamoja alilisema nasi kila Jumapili kwa sauti nzito. Wakati wa Chakula cha Bwana alibaki kwenye benchi. Nilipomtembelea na kumuuliza, alinijibu siku zote kwa sentensi ile ile, "Sisi sote ni wenye dhambi, Mchungaji." Ni sentensi ya kweli. Lakini ni kweli kama jina Diana lilivyokuwa kweli: limeandikwa kwenye chuma, wala halikuambii ni kitu gani kimeharibika.

Mwishowe alinipa kopo, nami nikampa mzee mwenyewe lifti hadi kwa fundi. Kijana yule alivipanga vipande juu ya karatasi, akachora duara, akapima unene kwa vidole. Kisha akakigeuza kipande kimoja kwenye mwanga. "Upande huu umeliwa kuliko mwingine," alisema. "Ndani ya silinda kuna kitu kinakwaruza. Nikikutengenezea mpya leo, kitaila na hiyo, maana kilichoila ya zamani bado kimo ndani."

Alipapasa ndani ya silinda akakipata, ukingo mdogo wa chuma uliochongoka, akausugua kwa msasa mpaka ukalainika. Alikata ngozi mpya ya ng'ombe, akailoweka, akaikandamiza katika tundu la mbao mpaka ikawa kikombe, akaiacha ikauke, kisha akaiweka katika mafuta usiku kucha. Bunduki sasa inapiga vizuri.

Lakini siku ile, kabla hata ngozi haijakatwa, mzee alikuwa amenyamaza. Tulipofika kwake alisema, "Mchungaji, niitie mwanangu."

Mwanawe mkubwa anaishi Inyonga. Alikuja. Mbele yangu mzee alimwambia, "Nilikuahidi lile shamba la mpunga. Nikaliuza, wala sikukwambia. Ukalisikia kwa watu." Hakuongeza kwamba sote ni wenye dhambi. Kijana alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Baba, nimesikia." Shamba halikurudi, na mazungumzo yao hayajakwisha. Ila sasa wanazungumza.

Katika Katekisimo Ndogo, Martin Luther anafundisha kwamba mbele za Mungu tunakiri dhambi zote, hata zile tusizozijua, lakini mbele ya mchungaji tunazitaja zile tunazozijua na kuzihisi moyoni. Anatuelekeza tujipime kwa Amri Kumi mahali hasa tulipo: wewe ni baba, mama, mwana, au mtumishi? Ungamo la pamoja ni jema, nasi tutaendelea nalo. Hata hivyo lisiwe pazia la kufichia kopo lililo chini ya kitanda.

Wapendwa, mtu asielewe vibaya hapa. Kipande cha zamani hakikuwa malipo. Fundi hakukipokea kama bei ya kipya. Vivyo hivyo ungamo halinunui msamaha. Msamaha umekwisha kupatikana kwa damu ya Kristo, nasi tunapewa bure. Tunakileta kilichochakaa kwa sababu hapo ndipo tunapohitaji kutengenezwa, na kwa sababu Bwana anataka kukiondoa na kile kinachotula ndani, ili moyo mpya usiliwe tena.

Mzee alipopiga magoti kupokea Chakula cha Bwana baada ya miaka miwili, nilimwambia maneno yale yale ninayowaambia wote: umetolewa kwa ajili yako. Safari hii alijua ni kwa ajili ya nini.

Nawe unayesoma, huenda unalo kopo lako. Usilitupe, wala usione haya. Njoo na ya zamani. Bwana atusaidie. Amina.